Nguchiro na Mkia wa Mlinzi

Zamani sana, wanangu, mbwa walipokuwa bado na kijiji chao wenyewe, alikuwako mbwa mmoja aliyeitwa Kongoro. Alikuwa mkubwa kuliko mbwa wote, mwenye kifua kipana na sauti nzito. Kazi yake ilikuwa kulinda lango. Watoto walicheza ndani ya uzio bila hofu, kwa sababu Kongoro aliketi langoni.

Kijijini hapo aliishi pia Nguchiro. Mnamjua nguchiro? Ni yule mnyama mdogo, mwembamba, mwenye mkia mrefu, anayepita vichakani chwi! kabla hujamwona vizuri. Kazi yake ilikuwa kuwasafisha mbwa. Aliwaosha, akawachana manyoya, akawakata kucha na kuwapangusa masikio. Na mbwa aliyehitaji, alimkamua vifuko vya chini ya mkia.

Msicheke. Kila mbwa ana vifuko viwili vidogo kama punje za karanga, kimoja kushoto na kimoja kulia, karibu na pale anapotolea choo. Ndani yake mna maji yenye harufu kali. Mbwa akiwa mzima, maji hayo hutoka yenyewe anapokwenda choo. Lakini mara nyingine vifuko huziba, vikajaa, vikauma. Hapo mbwa huburuza makalio chini, au hujilamba bila kuacha.

Basi siku moja Kongoro akaanza kuburuza makalio. Krrr, krrr, kwenye nyasi. Krrr, krrr, kwenye mkeka wa mkewe, Mama Shindo.

"Baba Shindo! Huo ni mkeka wa wageni!"

"Nanyoosha miguu tu."

"Miguu gani hiyo iliyo chini ya mkia? Nenda kwa Bi Nguchiro akakukamue."

"Mimi? Mlinzi mzima niinuliwe mkia kama mtoto mchanga? Thubutu!"

Mama Shindo hakubishana naye. Alimwita Nguchiro mwenyewe, naye akaja na kibuyu cha maji ya uvuguvugu na kitambaa safi. Lakini alipozunguka tu kwenda nyuma, Kongoro aligeuka.

"Ngrrr! Hap!"

Meno yalikutana upana wa kidole kutoka kwenye sikio la Nguchiro.

"Nikikuona tena nyuma yangu, nakumeza na kibuyu chako!"

"Nimesikia, mzee wangu," alijibu Nguchiro. Wakati huo alikuwa tayari juu ya paa.

Siku tisa zikapita. Kongoro hakuweza kuketi hata kidogo. Alilinda lango akiwa amesimama, akala amesimama, akasinzia amesimama. Na ng'ambo ya kijito, Fisi alikuwa akimtazama.

Sasa sikilizeni. Mbwa wale walikuwa na desturi yao. Yeyote aliyetaka kazi ya mlinzi, hata mgeni, alikuja langoni akasema, "Naomba ngozi." Hapo ililetwa ngozi ndefu ya ng'ombe, mlinzi akaing'ata huku, mgeni akaing'ata kule, wakavutana, mstari ukiwa katikati yao. Aliyevuka mstari au aliyeachia ngozi alishindwa, na mshindi ndiye aliyelinda lango. Hawakuwahi kufikiri kwamba desturi hiyo ina hatari. Nani angemshinda Kongoro?

Asubuhi ya siku ya kumi, Fisi alifika.

"Hodi hapa! Naomba ngozi! Ila, mlinzi, mbona huketi? Kuna moto chini? Hii-hii-hii!"

"Ngoja jua lifike utosini," Kongoro alisema, "utajua kama kuna moto." Lakini bado hakuketi.

Mama Shindo alikimbia mpaka kwa Nguchiro, machozi yakimtoka.

"Bi Nguchiro, tumekwisha! Mbwa akivuta ngozi huweka makalio chini, akakaza miguu. Mume wangu atakaaje chini? Fisi akishinda, yeye ndiye atakayekaa langoni, na wanangu sita wamo ndani!"

Nguchiro alikuna kidevu. "Mumeo akivuta, anavuta kwa kitu gani?"

"Kwa meno. Kwa kitu gani tena?"

"Meno yote?"

"Yote, mdomo mzima!"

"Basi nichemshie maji, dada yangu. Yasiwe ya moto sana."

Jua lilipofika utosini, kijiji kizima kilikusanyika. Mwamuzi alikuwa Kobe, kwa kuwa hakuwa mbwa wala fisi. Alichora mstari, akarudi nyuma polepole, akasema, "Vuteni!"

Fisi akavuta. Kongoro akavuta. Ngozi ikalia kwii, kwii, kwii.

Kongoro alijaribu kuketi. "Uwiii!" alilia ndani ya meno, akainuka haraka. Fisi akamburuza hatua moja. Akajaribu tena. "Uwiii!" Hatua ya pili. Miguu yake ya mbele ikateleza mavumbini, mpaka kukabaki upana wa unyayo mmoja kufika kwenye mstari. Mama Shindo aliwakumbatia wanawe, akafumba macho.

Chwi! Kitu kidogo kilipita katikati ya miguu ya watazamaji. Alikuwa Nguchiro na kitambaa chake cha uvuguvugu. Kongoro alikuwa ameinua mkia juu kwa hasira, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kumwomba auinue.

Kongoro alihisi kitambaa. Macho yakamtoka.

"Mmmh! Mmmmmh!"

"Nichukie baadaye, Baba Shindo," Nguchiro alisema kwa upole. "Ukifungua mdomo kuning'ata, ngozi inakwenda na lango linakwenda. Vuta tu. Mimi nina kazi yangu."

Akaweka kidole kimoja huku na kingine huku, chini kidogo. Hakuminya kwa nguvu. Alisukuma polepole, kutoka chini kwenda juu.

Pyuu! Kifuko cha kushoto.

Lo! Harufu ilikuwa kama samaki aliyesahauliwa juani siku tatu. "Mama wee!" walipiga kelele watazamaji, wakarudi nyuma wote kwa pamoja.

Pyuu! Kifuko cha kulia.

Kongoro akanyamaza. Alishusha makalio kidogo. Hayakuuma. Akashusha tena, yakagusa ardhi. Akaketi! Kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa, akaketi kabisa, akakaza miguu yote minne, akavuta mara moja.

Hoop! Fisi aliruka juu ya mstari, akatua na pua mavumbini. Puu!

"Sikubali!" Fisi alipiga kelele huku akitema mchanga. "Amesaidiwa! Yule Nguchiro amemgusa!"

"Amegusa ngozi?" Kobe aliuliza.

"Hakugusa ngozi. Amegusa... amegusa..."

"Wapi? Sema tusikie."

Fisi alitazama huku na huku. Watoto wa mbwa walikuwa wameziba midomo kwa kucheka.

"Huko!"

"Huko hakumo katika sheria za kuvuta ngozi," Kobe alisema. "Umevuka mstari, bwana. Nenda."

Fisi akaenda, mkia katikati ya miguu.

Kongoro akatema ngozi, akageuka taratibu. Nguchiro alikuwa amejificha nyuma ya Mama Shindo, pua tu ikionekana.

"Toka hapo," Kongoro alisema.

"Nitoke uning'ate?"

"Toka, Bi Nguchiro." Kongoro alitazama chini. Kisha, mbele ya kijiji kizima, alimgeuzia mgongo, akainua mkia mwenyewe. "Upande wa kulia nahisi bado kuna kidogo."

Nguchiro akaja, akamaliza kazi, akampangusa vizuri kwa maji ya uvuguvugu.

"Imetosha. Sasa tusiguseguse bila sababu, maana vikiminywa kila mara navyo vinaumia. Ila ukianza tena kuburuza makalio, usingoje siku tisa. Siku hiyo hiyo njoo."

"Nitakuja," Kongoro alisema. Akaenda langoni, akaketi.

Wanangu, hata aliye na nguvu kuliko wote asione aibu kusema panapomuuma.