Kamba Wekundu wa Bwana Tumbika

Bwana Tumbika alitoka bara na fedha zake, akanunua ufuo wote wa mikokoni. Kamba alikuwa hajawaona ila kwenye sahani ya hoteli. Siku ya kwanza tu akamzuia Somoe, mjane aliyevua kamba pale miaka yote.

"Ukivua hapa, nusu yangu!"

"Nusu ya nini, baba? Mtu mzima kama wewe ule hawa wa kijivu? Chukua wekundu wote, mimi niachie hawa nilishe wanangu."

Tajiri akacheka hadi tumbo likatikisika. Akaita watu washuhudie: kila kamba mwekundu atakayetoka majini ni wake.

Siku saba akasimama matopeni na viatu vyake vya ngozi, akipekua tenga la Somoe. Wa kijivu watupu.

"Wekundu wako wapi?"

"Labda wanakuogopa, baba."

Siku ya nane harufu ya kitunguu saumu ikamvuta hadi jikoni kwa Somoe. Akafunua chungu. Wekundu watupu!

"Mwizi! Hawa wangu!"

Somoe akachukua kamba wa kijivu tengani, akamtumbukiza chunguni. Akaiva mwekundu mbele ya macho ya tajiri.

"Wako ni wanaotoka majini wekundu. Hawa wamekolezwa na kuni zangu. Haya, nawa mikono, baba, ule. Mgeni hatumfukuzi."