Mwamuzi Aliyeingia na Jibu Lake

Kijana mmoja wa Wundanyi alikuwa na digrii na hakuwa na kazi. Msicheke, nyumbani kwenu pia yupo. Aliitwa Mwadime. Digrii ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, bahasha chini ya godoro, na godoro kwa mama yake. Alikuwa ametarmac kutafuta kazi mpaka soli zikaisha, na kila jopo lililomwita kwa mahojiano lilikuwa limeshachagua mtu kabla hajavuta kiti. "We'll get back to you," walimwambia. Mpaka leo wako njiani kumrudia.

Sasa, shule moja ya pale milimani iliandaa mashindano ya mijadala, na waamuzi wakapungua. Uamuzi ni kazi ya kujitolea: unalipwa sahani ya pilau, soda na makofi. Madam Mkawasi, msimamizi wa mashindano, akampigia simu.

"Mwalimu Mwadime, njoo utuokoe."

"Madam, mimi si mwalimu."

"Leo ni mwalimu. Vaa tai."

Akaja na tai. Mlangoni waamuzi wakaelezwa desturi ya mahali pale. Unachoamini kiache nje, upime kilichosemwa tu. Kwa sababu mtoto hachagui upande, shilingi hurushwa juu na ndiyo humgawia. Tena, kabla hujakabidhi karatasi ya alama, simama umweleze aliyeshindwa kwa nini ameshindwa. Mwadime akaitikia kwa kichwa, vile watu huitikia mahubiri huku wanawaza chakula.

Fainali ikamwangukia yeye. Mada ilikuwa ile ile ya miaka nenda miaka rudi: elimu ni ufunguo wa maisha. Shilingi ilimpa Wakesho kuunga mkono, ikampa Mghendi kupinga. Mfadhili alikuwa ameahidi kumsomesha mshindi hadi chuo kikuu. Kwa Mghendi, mwana wa mwenye duka la jumla, hiyo ilikuwa sifa ya kwenda kutamba nayo nyumbani. Kwa Wakesho, aliyerudishwa nyumbani kila muhula kwa sababu ya karo, hiyo ilikuwa shule yenyewe. Asiposhinda, basi.

Mghendi alianza, kwani shilingi ilimpa pia zamu ya kwanza. "Elimu ni ufunguo, sawa, lakini mlango unafunguliwa kutoka ndani na mjomba wa mtu!"

Ukumbi ukalipuka. Mwadime mwenyewe akapiga meza kwa kiganja. Huyu msee amesema ukweli! Lakini baada ya hapo Mghendi hakuwa na kingine. Akamrudia mjomba, akaurudia mlango, kengele ikamkuta anapapasa maneno.

Wakesho akasimama. Hakupaza sauti. Alimtaja mkulima anayepunjwa kwenye mizani kwa sababu hajui kuisoma. Alimtaja mama anayerudi na dawa kutoka zahanati asijue ni ya kunywa au ya kupaka. Kisha akamgeukia mwenzake.

"Mpinzani wangu amesema kweli, yupo mjomba mlangoni. Basi mwondoeni mjomba. Mbona mnatupa ufunguo?"

Hakuna aliyecheka. Watu wakainama mbele vitini, na yeyote aliyewahi kuamua mjadala anajua hapo hoja imeshinda.

Mwadime hakusikia hoja. Alisikia dharau. Katoto haka kanajua nini? Kamewahi kukaa nje ya ofisi ya mtu tangu asubuhi, kakaambiwa bosi ametokea mlango wa nyuma? Kalamu ikakimbia. Mshindi: Mghendi.

Desturi ikamtaka asimame atoe sababu. Akatazama alichokuwa ameandika wakati wakizungumza. Upande wa Wakesho ulikuwa umejaa. Upande wa Mghendi ulikuwa na mjomba peke yake. Akakohoa.

"Umeongea vizuri, lakini mambo hayako hivyo huku nje. Mimi nina digrii. Ninajua."

Wakesho akauliza kwa heshima, mikono nyuma. "Samahani, mwalimu. Nimeshindwa na Mghendi, au nimeshindwa na wewe?"

Hata Mghendi aliinamisha kichwa. Karatasi ilikuwa bado mkononi mwa Mwadime, na kalamu pia. Jina lingeweza kufutwa. Hakuna aliyemshika mkono. Lakini watu walikuwa wanamtazama, na tangu siku ya mahafali hakuna mtu aliyewahi kusubiri neno lake. Utamu wa kusubiriwa, ndugu zangu, ni kitu kibaya. Kujikosoa mbele yao aliona ni kujivua nguo. Akamkabidhi Madam Mkawasi karatasi ilivyo.

Wakesho akaja akampa mkono, kama walivyofundishwa kumshukuru mwamuzi. Muhula uliofuata hakuonekana darasani.

Waliomnyima Mwadime kazi hawakuwamo ukumbini siku ile. Hawakusikia habari yoyote, na chai yao haikupoa. Aliyekuwamo ni mtoto wa watu, ambaye kosa lake lilikuwa kusema vizuri alichopewa aseme. Nanyi mnaonisikiliza, mliopigwa na wakubwa na mna kila haki ya kukasirika, niambieni: mbona mkono wenu, siku unapopata nguvu, humtafuta mdogo?