Maswali Asiyotaka Mheshimiwa

Siwema Mkumbaru, mhadhiri aliyeongoza midahalo ya wazi chuoni kwao, alipata ugeni mzito. Mheshimiwa Lukwaro, mbunge wa jimbo, alikubali kuja kuzungumzia sera ya afya, ila alitanguliza sharti.

"Sitaki maswali ya uchokozi, binti. Mkuu wa chuo chako ni rafiki yangu. Ukiniaibisha, kibarua chako kitaota nyasi."

"Sithubutu, mzee wangu," Siwema alijibu kwa unyenyekevu. "Tatizo siasa siijui, uchokozi unaanzia wapi sijui. Niandikie basi usiyotaka, nisije nikateleza. Naapa sitakuuliza hata moja."

Mheshimiwa alifurahi, akachomoa kalamu, akajaza ukurasa mzima na kutia sahihi.

Siku ya mdahalo ukumbi ulifurika. Hata watu wa kijiji cha Mtongani walikuja, ambao wajawazito wao walikuwa wakipelekwa hospitali kwa toroli tangu gari lao la wagonjwa lilipotoweka. Mheshimiwa alihutubia saa nzima, akapigiwa makofi, akaketi akitabasamu.

Siwema akasimama na karatasi.

"Ndugu zangu, mgeni wetu ameandika kwa mkono wake maswali asiyopenda kuulizwa. Mimi nimeapa sitayauliza, na kiapo ni kiapo. Nawasomea tu, ili nanyi mjue ya kuyaepuka. La kwanza: 'Kwa nini gari la wagonjwa la Mtongani linabeba mbuzi wangu kwenda mnadani?'"

Kabla ya la pili, Mheshimiwa alikwisha kuuona mlango na kutoka.

Kesho yake gari lilirudi Mtongani, likinuka beberu.