Mthamini wa Kivukoni

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa chupa moja na makoo mawili.
Lipi lilinywa, lipi lililipa? Tulieni, mtasikia.

Palikuwa na Pimbi. Si sungura, wala si panya mkubwa. Pimbi, mkaa mwambani. Alimposa binti wa Perere, mkaa mtini, ng'ambo ya mto. Perere akasema, "Niletee kinywaji cha heshima, mwanangu, ndipo tuzungumze."

Kivukoni alikaa Kiboko, mthamini. Sheria ilikuwa hii: kila kinywaji kivukacho, mthamini hukionja na kutaja thamani yake mbele ya watu. Akikipenda, hukinywa na kulipa kile alichotaja.

Pimbi akaja na togwa. Kiboko akaonja, chwap! "Pera moja bovu." Akanywa yote, gudu-gudu-gudu, akalipa pera moja bovu.

Pimbi akaja na pombe ya asali. Chwap! "Pera moja bovu." Gudu-gudu-gudu.

Perere akatuma salamu: "Mapera ninayo. Ukija mikono mitupu mara ya tatu, binti ataolewa na Komba."

Pimbi akasonya mpaka meno yakamuuma. Akatoa chupa aliyoachiwa na babu yake, akashughulika nayo kidogo, akashuka mtoni.

"Umeleta gongo gani leo, panya?"

"Pimbi. Na si gongo, Bwana Mthamini, ni wiski."

"Gongo la Ulaya."

"Wiski. Ya Uskoti. Shayiri tupu, kiwanda kimoja, miaka kumi na minane pipani. Soma karatasi yake!"

"Yote gongo."

Pimbi akashusha pumzi. "Hata Ngiri alisema hivyo jana. Akaonja, akataja pera moja. Watu wanamcheka mpaka leo. Kumbe Uskoti haujui hata kwa harufu!"

Kiboko akawatazama watu. Watu wakamtazama. Akanusa, fuuu! Akaonja, chwap! "Mmm. Moshi. Asali. Mbao kuukuu. Hii thamani yake ni kivuko changu kizima!"

"Umesema?"

"Nimesema!"

Na kwa mazoea, koo likatangulia akili: gudu-gudu-gudu, chupa kavu.

"Basi toka kivukoni," akasema Pimbi.

Kiboko akaramba midomo. "Ngoja. Hii ni chai ya rangi!"

"Chai? Haya, watangazie wote hawa. Mthamini ametoa kivuko kwa chai isiyo na sukari?"

Kiboko akawatazama tena watu.

"Ni wiski," Kiboko akanong'ona. Akatoka majini, tapu, tapu, tapu.

Wiski yenyewe ilikuwa ndani ya kibuyu, mgongoni kwa Pimbi. Akavuka nayo mpaka kwa Perere. Mzee akaonja, akakunja uso.

"Pera moja bovu."

Pimbi akashika kichwa. "Baba mkwe!"

"Mimina tena. Sijahakikisha."

Akahakikisha mpaka tone la mwisho, ndipo akamwita binti.

Hadithi imevuka, sisi tumebaki ng'ambo hii. Na fundisho lake mlishike: mkweli hufika mbali, na mthamini hakosei kamwe. Anayebisha, alete pera.