Faili la Mti wa Ukoo

Simu iliita usiku mara moja tu, ikakatika. Naghenjwa, binti aliyekuwa fundi kompyuta wa ukoo mzima, aliijua bipu hiyo. Ni Baba Mkubwa Senkondo, mwenye maduka matatu, aliyetaka apigiwe yeye. Akampigia.

"We binti, faili la mti wa ukoo liko tayari? Kesho wazee wanachagua katibu."

"Tayari, Baba Mkubwa. Nimezunguka miezi sita nikiuliza majina. Naomba tu unitaje mbele yao."

"Nikutaje, halafu ukatibu wakupe wewe? Lete flashi asubuhi. Nitasema nimelitengeneza mwenyewe."

"Sawa, Baba Mkubwa."

Kesho yake, baada ya kujisifu mbele ya ukoo mzima, Senkondo alichomeka flashi kwa madaha kwenye kompyuta iliyounganishwa na projekta ya ukumbini. Ukutani pakatokea maneno: Andika jina la aliyetengeneza faili hili.

Akacheka, akaandika jina lake. Kompyuta ikakataa. Akaongeza la baba yake. Ikakataa tena.

"We binti," alinong'ona, "fungua hili dude!"

"Imebaki nafasi moja, Baba Mkubwa. Ukikosea, faili linajifuta. Wewe litaje tu jina, mimi nitaandika."

"Kwani Senkondo umesahau unaitwa nani?" shangazi mmoja alipaza sauti. Ukumbi ukaangua kicheko.

Senkondo alifuta jasho, akainamia meza.

"Naghenjwa," alinong'ona.

"Hatusikii!" wazee wakapiga kelele.

"Nimesema Naghenjwa! Aliyelitengeneza ni Naghenjwa!"