Jina la Mwana wa Bokayo

Hapo zamani, mpaka ulipokuwa mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa jangwani, walikuwako askari wa mpakani wenye vilemba vyekundu. Mvua haikuyajua mawe yale. Ilinyesha ng'ambo, ukoo mmoja ukaifuata, na Bwana Kapteni akaamuru ngamia wao wakamatwe.

Wakaenda askari watatu, Dida, Halake na Lokuruka, wakawaswaga ngamia hadi bomani. Nyuma yao alifuata mjane wa ukoo ule, Bokayo, mtoto mgongoni, matiti yamemkauka.

"Wanangu, huyu anaishi kwa maziwa ya yule jike mweupe."

Wakazidi kuswaga. Amri ni amri.

Kesho yake adhuhuri, boma zima lilisinzia kwa joto. Dida na Lokuruka walikuwa zamu. Mara kutoka kisimani ukaja wimbo. Kule watu huteka maji wakiimba, kila ukoo na wimbo wake, na ngamia huujua wa kwao. Bokayo alikuwa akiimba. Dida aliusikia kama marehemu mama yake anamwita anywe maji. Alipozinduka, kamba ya miguu ya ngamia ilikuwa mkononi mwake, na jike mweupe hayupo.

"Halake, fuata nyayo!" Kapteni alifoka.

Halake, aliyesoma nyayo hata juu ya mwamba, aliziona wazi kama mkeka uliotandikwa. "Upepo umezila, Bwana." Tangu siku ile askari wenzake walimwita Kipofu.

"Nani alilala zamuni?"

Lokuruka aliiona ile kamba mkononi mwa Dida. Akasogea mbele, akamkinga Dida. "Mimi, Bwana." Akavuliwa kilemba, akafukuzwa kazi.

Mvua iliyofuata, Bokayo aliwaita wote watatu kisimani. "Mwanangu ameishi. Ataitwa jina la aliyemponya, na jina ni moja."

"Mimi nilitoa macho yangu," akasema Halake. "Msoma nyayo akiitwa kipofu, amebaki na nini?"

Lokuruka akacheka. "Umebaki na kilemba, Kipofu! Mimi nyumbani hata mbuzi hawanisalimu."

"Na wewe, Dida?" akauliza Bokayo.

Dida alitazama viganja vyake. "Mama, mkono huu ulifungua kamba. Kama nami nilikuwamo, sijui."

"Na ninyi watatu ndio mliomchukua yule jike mweupe," akasema Bokayo taratibu. "Hilo nalo sijalisahau."

Akamwinua mtoto juu ya maji, akafumbua kinywa amwite.

Enyi mnaonisikiliza, mwiteni ninyi. Je, nani alistahili jina lile?