Zimwi Lililonenepa kwa Pole

Nyie, mmekaa? Mimi nasimama, maana hadithi hii haikaliki.

Palikuwa na mama na bintiye, Zawena. Tangu azaliwe Zawena hakusema neno, wala hakutulia: ukigeuka tu, keshafika mtoni. Mama alipika huku amemshika mkono, akalala jicho moja wazi.

Siku moja kizimwi kidogo kama paka kikajikunyata mlangoni. Jirani akapita, akachungulia: "Pole, Mama Zawena!" Akaenda zake. Kizimwi kikaidaka ile pole, kikaimeza, kikawa kama mbuzi. Akapita wa pili: "Pole sana, mwenzetu!" Akaenda zake. Zimwi likawa kama ng'ombe. Akapita wa tatu: "Pole, ndiyo mitihani ya Mungu!" Likajaa mlango mzima, likanguruma: "Bado moja tu, niwameze mama na mwana!"

Akaja Bi Nunu, mfinyanzi. Zimwi likapanua kinywa. "Sema pole! Sema!"

Bi Nunu hakusema. Akapenya chini ya kwapa la zimwi, akamshika Zawena mkono. "Mimi na huyu tunakwenda kukanda udongo. Wewe, Mama Zawena, kaoge, ulale."

"Atakuponyoka!" mama akalia.

"Na mimi nina miguu. Nitamfuata."

Zimwi likabaki kinywa wazi, likanywea: ng'ombe, mbuzi, paka, vumbi. Mama akalala mpaka jua likazama.

Yangu nimeisema. Kesho mtapita kwa Mama Zawena wenu. Mtaingia, au mtalilisha zimwi?